Kabla ya Kumcheka Mwepu Ilunga



Kila mara Kombe la Dunia linapokaribia, video moja fupi huanza tena kuzunguka kwenye simu. Imefika hata huku kwetu Salamabila. Ni ya mwaka 1974. Wabrazili wamepewa mpira wa adhabu, na wachezaji wa Zaire wamejipanga ukuta mbele ya goli lao. Mwamuzi anapuliza filimbi. Kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, beki mmoja wa Zaire anachomoka ukutani, anaukimbilia na kuupiga teke kubwa, ukaenda mbali. Wabrazili wanabaki wakitazamana. Mwamuzi anatoa kadi ya njano. Anayeonyesha video anacheka, na anayeonyeshwa anacheka zaidi.

Sisi pia tulicheka. Tulipoiona mara ya kwanza, tulicheka pamoja na wengine, wala hatukuuliza jina la mtu yule. Tumefundishwa ualimu, na kila siku tunawaambia wanafunzi wasijibu kabla ya kusoma swali mpaka mwisho. Siku ile tulijibu bila kusoma swali. Ndiyo sababu tumependa leo tuusome pamoja ukurasa huu wa historia ya nchi yetu, tumjue mtu aliyepiga teke lile, tujue alikotoka na yaliyompata.

Mtu mwenyewe

Jina lake lilikuwa Mwepu Ilunga. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, akawa beki wa kulia wa timu kubwa ya Lubumbashi, ile ambayo leo ulimwengu wote unaiita TP Mazembe.

Chanzo cha timu hiyo kinastahili kujulikana na vijana wa parokia. Mwaka 1939, watawa Wabenedikto walikuwa wakiongoza Chuo cha Mtakatifu Bonifasi mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuelekea upadre, watawa hao walianzisha kundi la skauti na timu ya mpira. Msimamizi wa maskauti ni Mtakatifu Georgi, basi timu ikaitwa Saint-Georges. Miaka ilipopita watawa waliiacha mikononi mwa wengine, ikachukua jina la Englebert, ambalo ni jina la matairi ya magari. Baada ya uhuru wa 1960 ikaongezewa maneno mawili ya Kifaransa, Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Jina Mazembe lilikuja baadaye.

Jina hilo kubwa halikuwa majivuno matupu. Kuanzia 1967 hadi 1970, Englebert ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mara nne mfululizo. Ililitwaa kombe mwaka 1967 na tena 1968, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kulitetea. Mwaka huohuo wa 1968, timu ya taifa ya Kongo ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika kule Addis Ababa kwa kuifunga Ghana bao 1 kwa 0 katika fainali. Hiyo ndiyo shule ya mpira aliyosomea Mwepu. Tuliweke jambo hili moyoni, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye lile teke.

Kuna jambo jingine katika jina lake. Mwepu alikuwa na jina la Kikristo, Joseph. Lakini Oktoba 1971 Rais Mobutu aliibadilisha nchi jina, Kongo ikawa Zaire, na mwaka 1972 raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo na kubaki na majina ya mababu. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga, na kwa ajili hiyo alilazimika kukaa Roma kwa muda. Ndiyo maana katika orodha ya wachezaji wa 1974 hamna Joseph, kuna Mwepu Ilunga tu. Sisi tuliozaliwa katika miaka ile tunalijua jambo hili: kwenye karatasi za serikali tuliandikwa jina la babu, na jina la ubatizo likabaki kanisani na nyumbani. Mchezaji aliyevaa jezi ya Zaire hakuwa na ruhusa ya kutumia hata jina lake kamili.

Mwaka wa furaha

Desemba 1973, mjini Kinshasa, Zaire iliifunga Moroko mabao 3 kwa 0 na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi. Kabla ya hapo Misri ilikuwa imecheza mashindano hayo mwaka 1934 na Moroko mwaka 1970. Kutoka kusini mwa Sahara, hakuna nchi yoyote iliyokuwa imefika. Zaire ikawa ya kwanza.

Machi 1974 timu ikaenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mshambuliaji Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kasai, alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2 kwa 2, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya michezo hiyo miwili yalikuwa ya Ndaye. Zaire ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya pili.

Mobutu alifurahi kuliko wote. Timu iliitwa Chui, na chui alikuwa alama yake mwenyewe, aliyevaa kofia ya ngozi ya mnyama huyo. Aliwapa wachezaji nyumba na magari. Kwa vijana waliokulia katika mitaa ya maskini, yalikuwa maajabu. Lakini zawadi ya mtawala ina kamba, na mwenye kuishika kamba si aliyepewa zawadi. Kadiri Chui walivyosifiwa kuwa mali ya Rais, ndivyo kushindwa kwao kulivyokuja kuwa aibu ya Rais.

Siku tisa za Juni

Kombe la Dunia la Zaire lilidumu siku tisa, kuanzia tarehe 14 hadi 22 Juni 1974.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Dortmund dhidi ya Scotland. Zaire ilifungwa 2 kwa 0, lakini ilicheza kwa heshima, na watu waliokuja kutazama kichekesho walirudi bila kukiona.

Baada ya mchezo huo, matatizo ya ndani yakatokea nje. Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba wachezaji waligundua hawatalipwa fedha walizoahidiwa. Viongozi waliofuatana na timu walikuwa wengi, na fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwao. Wachezaji wakasema hawachezi mchezo wa pili. Wakabembelezwa, wakaingia uwanjani, ila mioyo yao haikuingia.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia iliwafunga mabao 9 kwa 0. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, jambo lililozidisha minong'ono. Baada ya mabao matatu ya mwanzo, kipa Kazadi Mwamba, aliyekuwa pia mchezaji wa Englebert, aliondolewa na kuwekwa kipa wa akiba, na mabao yakaendelea kuingia. Hadi mapumziko yalikuwa sita.

Hapo Kinshasa ikaingilia kati. Kwa maneno ya Mwepu mwenyewe, walinzi wa Rais walifika hotelini, wakawazuia waandishi wa habari wasiingie, kisha wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne, hakuna hata mmoja wao atakayeweza kurudi nyumbani.

Tufikirie vizuri maneno hayo. Brazil ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia, kwa kombe alilolitwaa mwaka 1970. Tena, baada ya kutoka sare mara mbili, Brazil ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili kuipita Scotland. Kwa hiyo vijana wa Zaire waliingia uwanjani siku nne baada ya kufungwa tisa, wakikabiliwa na timu yenye kila sababu ya kufunga mabao mengi, huku wakijua kwamba bao la nne linaweza kuwatenga na wake zao, watoto wao na mama zao.

Teke

Tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen. Jairzinho alifunga bao la kwanza mapema, katika dakika ya 12. Zaire wakakaza. Bao la pili, la Rivelino, halikuja mpaka dakika ya 66. La tatu lilifungwa na Valdomiro katika dakika ya 79. Brazil ilikuwa imepata mabao matatu iliyoyahitaji. Bao moja tu zaidi lingekuwa lile lililokatazwa.

Ni katika mchezo huo ndipo Wabrazili walipopewa mpira wa adhabu mbele ya goli la Zaire. Mwamuzi, Nicolae Rainea wa Romania, alipuliza filimbi, na Mwepu akafanya yale mnayoyaona kwenye simu.

Mtangazaji mmoja wa Uingereza alilieleza tendo lile papo hapo kuwa ni ujinga wa Waafrika. Maneno hayo yalishika. Kwa miaka mingi teke la Mwepu liliwekwa katika orodha za vituko vya Kombe la Dunia, kana kwamba mtu yule hakujua sheria ya mchezo anaoucheza.

Sasa tukumbuke tuliyoyaweka moyoni. Beki wa klabu iliyofika fainali nne za Afrika, mchezaji wa nchi iliyokuwa bingwa wa Afrika miezi mitatu tu kabla ya siku ile, aliyekuwa amesimama kwenye ukuta wa namna ile mara zisizohesabika, je, hakujua kwamba mpira wa adhabu hupigwa na waliopewa? Hata mtoto wetu anayecheza mpira wa matambara nyuma ya kanisa anajua. Hoja ya ujinga haisimami hata kidogo. Ilisimama kwa miaka mingi kwa sababu moja tu: waliocheka hawakutaka kuuliza.

Waandishi walipomwuliza hatimaye, Mwepu alijibu kwamba alijua sheria vizuri. Alisema alitaka apewe kadi nyekundu atoke nje, kwa sababu hakuona haki ya kuendelea kuumia kwa ajili ya viongozi waliokula fedha za wachezaji na sasa walikuwa wakitazama wamekaa. Wengine wameeleza pia kwamba alitaka kupoteza muda, ili dakika zipite na bao la nne lisije. Sisi hatuoni sababu ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Mtu mwenye hasira na hofu kwa pamoja hapangi sababu zake moja moja kabla ya kukimbia. Kadi nyekundu haikutolewa. Mchezo uliisha 3 kwa 0. Bao la nne halikuja.

Kosa ambalo halisemwi

Hatuandiki habari hizi ili tumfanye Mwepu kuwa mtu asiye na doa. Katika mchezo ule wa Yugoslavia, lilitokea jambo ambalo wanaomcheka hawalijui na wanaomtetea hupenda kulipita. Katikati ya vurugu baada ya mojawapo ya mabao, mwamuzi kutoka Colombia alipigwa teke kwa nyuma. Aliyempiga alikuwa Mwepu. Lakini mwamuzi alipogeuka, alimtoa nje Ndaye Mulamba.

Ndaye, mfungaji wa mabao 9 kule Misri, aliondoka uwanjani mapema katika kipindi cha kwanza kwa kosa la mwenzake, wala hakucheza na Brazil. Mchezaji bora wa Zaire alimaliza Kombe lake la Dunia hivyo.

Basi mtu yuleyule aliyehukumiwa bila kusikilizwa na ulimwengu mzima, siku nne kabla yake mwenzake alikuwa amehukumiwa bila kusikilizwa kwa ajili yake. Tunaliandika hili kwa sababu historia ya kweli haina budi kuandika yote mawili. Tukimwondolea Mwepu kosa lake ili tumpende, tunafanya kama wale waliomwondolea akili yake ili wamcheke. Kwa njia zote mbili tunakuwa tumeacha kumtazama mtu mwenyewe.

Baada ya mashangilio

Wachezaji walirudi nyumbani, na hakuna aliyewapokea kwa ngoma. Mobutu aliuacha mpira akageukia mambo mengine. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, Kinshasa ilipokea pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, na fedha nyingi za nchi zikaenda huko. Chui wa jana wakasahauliwa.

Ndaye aliitwa Tunisia mwaka 1994 kupewa heshima wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakimtaka fedha walizodhani amekuja nazo, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi, na kwa kipindi fulani alipata riziki yake kwa kulinda magari yaliyoegeshwa barabarani. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba amekufa katika machimbo ya almasi nchini Angola. Alikuwa hai, Cape Town. Aliyejua hivyo hakuulizwa. Alifariki Januari 2019.

Mwepu alibaki katika nchi yake. Alizeeka katika shida, na katika miaka yake ya mwisho alisema kwamba kama angeweza kurudi nyuma, angefanya bidii awe mkulima. Tunaomba msilisome neno hilo haraka. Huku kwetu, kijana akiacha shamba la baba yake akaenda kwenye mashimo ya dhahabu, au akiota kucheza mpira Ulaya, hudhani shamba ni la walioshindwa. Mtu aliyefika pale ambapo hakuna mwana wa kusini mwa Sahara aliyekuwa amefika kabla ya wenzake na yeye, mtu aliyepewa nyumba na gari na Rais, ndiye aliyelitamani shamba mwishoni. Hakuudharau mpira. Alikuwa amejifunza tofauti kati ya kile ambacho mtu hukipanda mwenyewe na kile anachopewa na mkono unaoweza kukichukua tena.

Mwepu Ilunga alifariki tarehe 8 Mei 2015, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Tunachojifunza

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona kichwani pake unaudhani mwepesi, kwa kuwa shingo inayouma si yako. Video ile inadumu nusu dakika. Haionyeshi fedha zilizoliwa, wala walinzi hotelini, wala mabao tisa, wala hesabu ya bao la nne. Inaonyesha teke tu.

Nasi tunazo video zetu, hata bila simu. Kuna binti aliyeacha shule ghafla, na kijiji kizima kina sababu ya kueleza isipokuwa ile ya kweli. Kuna kijana aliyerudi kutoka mashimoni mikono mitupu, na utani unamsubiri njiani. Kuna mchezaji wetu aliyekosa goli la wazi Jumapili, na hakuna aliyejua kwamba alilala hospitalini akimwuguza mama yake. Tunaona teke, tunacheka, tunapita.

Wakati mwingine mtu akiwaletea video ile, msimnyang'anye simu wala msimgombeze. Mwambieni jina: huyu ni Mwepu Ilunga, beki wa Lubumbashi, mmoja wa watu wa kwanza kutoka upande huu wa Afrika kucheza Kombe la Dunia. Kisha mwulizeni kama anajua kwa nini alipiga mpira ule. Asipojua, sasa ninyi mnajua.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Mwepu alikuwa na njia gani nyingine ya kuonyesha kwamba wachezaji wanaonewa? Je, njia hiyo ingesikika?

2. Mmewahi kubeba adhabu ya mwenzenu kama Ndaye, au kumwachia mwenzenu adhabu yenu? Ni nini kilichobaki kusemwa kati yenu?

3. Katika parokia yetu, ni nani anayechekwa ambaye hatujawahi kumwuliza habari zake?